Wivu wa Vidole

Kalamu ninayoandikia nimeizungushia mpira wa ndani wa baiskeli ili inenepe, maana kalamu nyembamba vidole vyangu haviwezi kuishika. Naandika mistari miwili, napumzika. Ukiona mahali nimekatisha, sio kwamba maneno yameisha.

Naitwa Holo, watu wananiita Mama Shija. Nimesoma mpaka darasa la nne, usukumani, kabla baba hajahamia huku Katavi na ng'ombe wake. Naishi upande wa Litapunga. Naandika kwa ajili yako wewe unayeamka asubuhi ukakuta mikono imekuwa ya mtu mwingine, halafu ukaambiwa umelogwa, au umekula nyama nyingi, au mvivu. Na nitataja watu kwa majina. Binti yangu Shija, aliyeolewa Kabungu, kaniambia, "Mama, majina yaache, watu watakasirika." Nikamwambia mimi nimekasirika miaka mingapi, mbona hawakuniuliza?

Nianze na kitu ambacho wagonjwa wenzangu hawakisemi. Ugonjwa huu unauma, lakini kuna kitu kiliniuma kuliko viungo, nacho ni wivu. Sio wivu wa mwanaume, huo nilishauzoea. Nilikuwa na wivu wa vidole. Kanisani siangalii mchungaji, naangalia mikono ya watu inavyopiga makofi. Nikiona mtoto anajifunga kifungo cha shati mwenyewe, roho inanichoma. Nimeshawahi kumwonea wivu kuku aliyekuwa anachakura jalalani, nikamtupia gongo langu la kutembelea.

Kabla ya kuugua mimi ndiye nilikuwa nasuka maziwa ya boma letu. Mume wangu Masunga alikuwa na ng'ombe wa kutosha, na maziwa yote yaliyolala yalikuja kwangu. Unayatia kwenye kibuyu, unakaa chini umenyoosha miguu, unakilaza mapajani, unakipeleka mbele na nyuma mpaka siagi ijikusanye. Kibuyu changu alinipa mama nilipoolewa. Shingo yake iling'aa kwa mikono ya wanawake wawili, yeye na mimi. Na kusuka sio nguvu tu, ni masikio. Mwanzoni maziwa yanalia kimajimaji, chwa, chwa. Halafu yanakuwa mazito, yananyamaza. Halafu unasikia kitu kinagonga ndani, du, du, kama mtu anayebisha hodi amevaa soksi. Hapo hapo unaacha. Ukizidisha, siagi inavunjika inarudi kwenye maziwa. Ukiwahi, unaambulia chembe chembe. Samli yangu ilijulikana mpaka mnadani. Mnunuzi alikuwa anauliza kwanza, "Hii ni ya Mama Shija au ya yule mwingine?"

Yule mwingine ni Minza, mke mwenzangu. Aliolewa Shija akiwa ameshaota matiti. Mrefu, mwembamba, vidole virefu kama vya mtu anayetakiwa kupiga zeze. Wembamba wake ulikuwa unamliza, maana kwetu mke akikonda watu wanasema mume hamlishi. Sikumchukia. Mimi nilikuwa na kibuyu, yeye alikuwa na ujana, tukagawana.

Ugonjwa uliingia na mvua za kwanza, tukiwa tunapanda mahindi. Niliamka vidole vimevimba kama ndizi fupi zile, havikunjiki. Nikasema ni jembe. Jua likipanda vinalegea, naendelea na kazi. Kesho yake tena. Ugonjwa ukaja kwenye vifundo vya mikono, magoti, nyayo. Khanga nikaanza kuifunga kwa meno. Mahindi yalipoanza kubeba, kibuyu kiliniponyoka. Maziwa yakamwagika mpaka mlangoni, mbwa wakaja kuramba.

Masunga alisimama pale. Aliyaangalia maziwa, hakuniangalia mimi. Akaita, "Minza, njoo uchukue kibuyu."

Minza akaja, akajifuta mikono kwenye khanga, akakiokota. "Nakuwekea tu dada, mpaka upone."

"Weka," nikamwambia. "Lakini usikizoee."

Akakizoea. Kila asubuhi mimi nimelala nasubiri jua linifungue viungo, nasikia huko nje chwa, chwa, chwa. Na hakuwa na masikio! Alikuwa anapita palepale penye siagi kama mtu anayepita kituo chake amesinzia kwenye basi. Nilikuwa nalia ndani ya nyumba, si kwa maumivu, kwa ile siagi.

Sasa majina.

Wa kwanza ni Pasko, mwenye duka la dawa kijijini. Anavaa koti jeupe ambalo sijui nani alimpa. Alinishika kidole gumba akakiminya, nikapiga yowe. "Mama, hii gauti," akasema. "Ugonjwa wa matajiri. Nyie wafugaji mmezidi kula nyama." Watu waliokuwa wanasubiri dawa za kichwa wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Ng'ombe wamelipiza kisasi!" Pasko akanikataza nyama, maharage, dagaa. Akanichoma sindano iliyonipa siku tatu za raha, ya nne nikarudi nilikokuwa. Nikarudi kwake. Akachoma tena. Mwaka mzima na nusu nilikula mlenda na ugali katika boma lenye ng'ombe, huku Minza ameshika mfupa kwa mikono yote miwili anaufyonza mbele yangu. Siku ya sherehe ya mavuno nilihama kabisa upande wa upepo, nisisikie harufu. Leo najua haikuwa gauti hata siku moja. Hakupima damu, hakupima chochote. Alipima kabila langu.

Wa pili ni mganga anaitwa Lufunga. Alinichanja chale mbili kwenye kila kifundo cha kidole, akapaka unga mweusi, akasema aliyenifunga mikono anakula na mimi chungu kimoja. Nisikudanganye, hakuniambia kitu kipya. Nilikuwa nimeshakisema moyoni mimi mwenyewe, yeye alinirudishia tu kwa sauti nzito. Nikarudi nyumbani, nikasimama mbele ya shemeji zangu wote, nikamnyooshea Minza mkono ule uliopinda: "Ndiye huyu! Alikitaka kibuyu, akanifunga vidole!"

Minza alikuwa ana ujauzito wa mtoto wake wa kwanza. Mama yake alikuja kumchukua, akakaa kwao miezi mitatu. Maziwa yakaharibika, maana hakuna mwingine wa kusuka. Na vidole vyangu viliendelea kupinda, Minza akiwa mbali huko. Hapo nilitakiwa kuelewa. Sikuelewa. Nilisema ananifunga kwa mbali.

Wa tatu ni Masunga, baba wa watoto wangu. Yeye aliona asubuhi sinyanyuki, saa sita mchana natembea. "Asubuhi mgonjwa, mchana mzima," alikuwa anawaambia wenzake, "ugonjwa gani huu una ratiba kama basi?" Ndugu yangu msomaji, kama na wewe unaamka umekauka na mchana unalegea, shika neno hilo kama lilivyo umpelekee daktari. Hicho ndicho kitu cha kwanza daktari alichoniuliza. Masunga alikuwa na jibu mdomoni mwake miaka miwili, analitumia kunicheka.

Yupo na wa nne. Nitamtaja akifika.

Aliyeniokoa ni Shija. Alikuja kunisalimia asubuhi akanikuta nimeinamia bakuli la uji nimeliweka juu ya kigoda, nakunywa kwa mdomo kama ndama, maana kikombe sikuweza kukinyanyua. Alitoka nje akalia, akarudi na mume wake na pikipiki. Wakanikalisha katikati yao kama gunia, tukaenda Mpanda hospitali. Pale daktari kijana alinigeuza mikono, akaandika barua. "Mama, hapa petu nakupunguzia maumivu tu. Nenda Mbeya wakaone damu."

Benchi la kule Mbeya nalikumbuka kuliko nyumba niliyozaliwa. Lilikuwa la mbao, refu, na wote tuliokaa tulikuwa tumeweka mikono mapajani kama watu wanaobeba mayai. Pembeni yangu alikaa mwanamke wa Kipimbwe, Skola, anatokea huko kwenye mpunga wao. Alikuwa anasali rozari, punje moja moja zinapita kwenye vidole vyake. Vimenyooka! Nikamuuliza, "Wewe umekuja kumsindikiza nani?"

"Mimi mwenyewe mgonjwa, dada. Huu mwezi wa nane tangu nianze kuumwa."

"Mwezi wa nane ndio uko hapa?"

"Mwanangu nesi. Nilivyomwambia tu asubuhi vidole vinakaza, akanikokota."

Nilimchukia papo hapo. Mwanamke wa watu hajanifanya kitu, kavaa gauni safi la kitenge, kanisogezea nafasi. Nilimchukia kwa sababu ana binti nesi, kwa sababu ana miezi minane na mimi nilikuwa kwenye mwaka wa tatu. Akatoa chungwa kwenye mfuko, akaona ninavyolitazama. Akalimenya, akatoa mbegu, akanitilia vipande mdomoni kimoja kimoja bila kuniuliza kama naweza kushika. Chungwa lile lilikuwa tamu na nilikuwa bado namchukia huku nalila. Wabeja, Skola, popote ulipo. Sikukushukuru siku ile.

Daktari alikuwa mwanamama mdogo, wa umri wa Shija. Alisoma majibu ya damu na picha za mikono. "Mama, hii ni baridi yabisi, ile inayotokana na kinga ya mwili," alisema. Nikamwambia sijaelewa. Akafikiri kidogo. "Kwenu si mna sungusungu?"

"Tunao."

"Kazi yao nini?"

"Kukamata wezi."

"Sasa wa mwilini mwako wamegeuka. Wezi hakuna, wanampiga mwenye nyumba."

Hapo nikaelewa yote. Nikamuuliza wanalipwa nini waache. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akanishika mkono wa kulia. "Vidole vilivyokwisha kupinda havitanyooka. Ungekuja mapema, tungeviwahi. Sasa tunazuia visiendelee."

Nilimfikiria Skola nje na rozari yake. Nikauliza lile moja nililokuja nalo: "Nitasuka maziwa tena?" Hakujua kusuka maziwa ni nini. Nikamwonyesha kwa mikono, mbele, nyuma. Akasema, "Ukinywa dawa bila kukosa hata siku, kifundo kikashuka uvimbe, tutaona."

Tutaona. Nilirudi na neno hilo kwenye basi mpaka Mpanda, nimelibeba kuliko hata mfuko wa dawa.

Dawa zilikuwa za namna mbili kubwa. Nyeupe ndogo, predinisoloni, kila siku asubuhi baada ya kula. Za njano, siku moja tu kwa wiki. Daktari alinirudishia hilo mara tatu: "Mara moja kwa wiki, mama. Ukinywa kila siku zitakuua. Na mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha asiziguse kabisa." Bahasha ziliandikwa kwa mwandiko wa kidaktari, kuusoma kulinishinda, kwa hiyo nilichora. Kwenye bahasha ya nyeupe nikachora jua. Kwenye ya njano nikachora kichwa cha ng'ombe na pembe zake, maana nilichagua kunywa siku ya mnada, siku ambayo hata mtu mwehu huku kwetu haisahau. Nikaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati.

Michoro ile iangalie vizuri. Nitairudia.

Mvua zilipoisha niliweza kushika kikombe. Kiangazi kilipokolea nikasonga ugali wa watu wawili. Na mwili ukaanza kubadilika. Zile nyeupe zinavimbisha. Uso ukawa mviringo, mashavu yakajaa mpaka macho yakawa madogo, shingo ikaongezeka nyama kwa nyuma. Mimi nilijua ni dawa, daktari alishaniambia. Lakini mnadani nani anajua?

"Shemeji! Umenawiri!" mchuuzi mmoja alipiga kelele kutoka kwenye zizi. "Masunga, unamlisha nini huyu?"

Na Masunga, yule yule wa ratiba ya basi, akavuta kofia mbele, akacheka. "Mke akitunzwa, anaonekana." Siku hiyo alitembea pembeni yangu mnada mzima. Minza alikuja nyuma yetu na mtoto mgongoni, amebeba ndoo.

Alikuwa amesharudi kutoka kwao wakati huo, amejifungua salama. Sikumwomba radhi, nilisema tu, "Karibu." Basi jioni ile akaja kukaa karibu nami, anachezea ncha ya khanga.

"Dada, siku hizi unakula nini?"

"Dawa za Mbeya."

"Ndizo zinanenepesha hivyo?"

Hapo ndipo anapoingia yule wa nne. Ningeweza kumwambia ukweli kwa maneno matano. Lakini miaka mitatu nilikuwa nimemwangalia yeye tu, vidole vyake, mgongo wake ulionyooka, kibuyu changu mapajani mwake. Na sasa kwa mara ya kwanza aliniangalia mimi kwa macho yale niliyoyajua vizuri, maana yalikuwa macho yangu. Raha niliyoisikia, chungwa la Skola cha mtoto. Nikajipaka mafuta shavuni polepole, nikamwambia, "Wewe unaonaje?"

Mkosaji wa nne ni Holo. Andika jina hilo pamoja na ya wengine.

Nilikuwa nimepanga mvua zikianza nidai kibuyu changu. Kifundo cha kulia kilikuwa kimeshuka. Nilikuwa nafanya mazoezi na chupa ya maji, mbele, nyuma, nikiwa peke yangu. Ikabaki wiki moja na siku mbili kwenda kuchukua dawa nyingine, nikafungua bahasha ya jua nikakuta tupu. Nikasema nimehesabu vibaya, hesabu za darasa la nne hizi. Nikasubiri siku ya kliniki ifike.

Siku ya tatu bila nyeupe sikuweza kusimama. Natapika maji, nguvu zimekwenda, halafu viungo vyote vikarudi kwa pamoja, hata taya. Walinipeleka Mpanda nimelazwa nyuma ya gari la mahindi. Nesi alinifokea huku anatafuta mshipa: "Mama, dawa hizi haziachwi ghafla! Ungekufa!" Nililala wodini nikitazama maji ya dripu na mkono wa kulia uliokuwa umevimba tena. Daktari alipoukunja, kifundo kilikataa. "Hiki kimekaza," alisema. Nikajua kibuyu kimekwenda. Na bado nilidhani kosa ni hesabu.

Niliporudi nyumbani na dawa mpya, Jumapili ya pili nikaenda kanisani. Goti likanishinda katikati ya ibada, nikarudi mapema. Mlango wa nyumba yangu ulikuwa wazi. Minza alikuwa ndani, amenipa mgongo, mtoto amembeba. Kopo liko mezani. Kikombe cha maji mkono mmoja. Mkono mwingine umejaa vidonge vya njano.

Sikumwita.

Nimekaa na sentensi hiyo siku mbili kabla ya kuendelea, na sio kwa sababu ya vidole. Nilisimama mlangoni nikaangalia anavyovichagua kwa ncha za vidole, kimoja, kimoja, rahisi kabisa. Mimi vidonge vyangu navichota kwa kijiko. Nikakumbuka alichosema daktari kuhusu anayenyonyesha. Nilikikumbuka chote, neno kwa neno. Na kitu ndani yangu kikasema, mwache. Amechukua kibuyu, amechukua nyeupe, mwache achukue na hizi.

Sijui ni muda gani. Aliyeniona ni mtoto. Alikuwa ametazama nyuma kutoka mgongoni, akaniona, akacheka, akaninyooshea mikono yote miwili nimchukue.

Nilirusha mkono, sio kiganja, mkono mzima mpaka kiwiko, nikapiga mkono wa Minza. Vidonge vikatawanyika chini ya kitanda.

"Umekunywa ngapi?"

"Dada..."

"Hizi za njano! Ngapi?"

"Bado! Ndio nilikuwa naanza. Nilikunywa zile nyeupe tu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya mnada. Moja moja. Siku nyingine mbili. Lakini nyeupe hazinisaidii haraka. Nikasema nijaribu hizi ndizo zenyewe."

"Nani kakuambia ndizo zenyewe?"

Akanyooshea kidole bahasha. "Si umechora ng'ombe, dada. Nikajua ndizo za kunenepesha."

Nilikaa kitandani. Kicheko kilinitoka ambacho sikukiita, na kilivyokuwa kinatoka taya linauma, na machozi yananitoka pia, na Minza kasimama hajui akimbie au aokote. Ng'ombe! Nimemchorea mwenyewe.

Nikamwambia afunge mlango. Nikavua blauzi, nikavua na khanga. Nilikuwa sijavua mbele ya mtu tangu hospitali. "Njoo uangalie unene."

Mikono yangu juu ilikuwa imebaki mifupa. Mapaja yamenywea, tumbo limetokeza mbele kama la mtoto mwenye minyoo. Ngozi ilikuwa imekuwa nyepesi, imejaa madoa ya zambarau kila mahali nilipogusa mlango au meza, na pale alipokuwa amenifunga nesi bandeji ilikuwa imechanika kama karatasi ya sigara. Nyuma ya shingo nundu. "Huu sio unene, Minza. Hii ni dawa imenivimbisha uso tu. Na hizo za njano, na mtoto ananyonya, zingewamaliza wote wawili."

Minza akasogea, akanibonyeza shavu kwa ncha ya kidole, kama mtu anajaribu mkate. "Kumbe mnadani wakikuambia umependeza unaitikia tu?"

"Naitikia."

"Na mimi nilivyokuuliza?"

"Nilitaka unionee wivu."

"Kwa nini? Una nini wewe..." Akakatisha, akaona aibu.

"Mimi sina kitu. Ndio maana. Nilikuwa navionea wivu vidole vyako."

Akaviangalia, akavigeuza huku na huku. "Hivi? Ambavyo Baba Shija kila siku anaviita vijiti vya mishikaki?"

Sikujua kama anaviita hivyo. Tulicheka wote, mimi niko uchi, mtoto naye anacheka hajui tunacheka nini. Halafu Minza akaacha kucheka, akasema bila kuniangalia, "Ulisema nimekufunga. Mbele ya watu wote."

"Nilisema."

"Sikukufunga, dada."

"Najua."

"Lakini dawa zako nimeiba kweli."

Akapiga magoti, akaokota vidonge chini ya kitanda, kimoja kimoja, kwa vidole vile, akavihesabu kwenye bahasha. Havikupungua. Kesho yake tulikwenda Mpanda wote watatu. Daktari akampima, akampunguzia zile nyeupe taratibu badala ya kuacha ghafla kama nilivyoachishwa mimi. Mtoto mzima, anatembea sasa. Masunga hatujamwambia mpaka leo. Akisoma hapa, ndio nimemwambia.

Nikuambie kwa kifupi wewe uliye mwanzoni. Vidole vikikaza asubuhi kwa muda wa zaidi ya saa moja na ikajirudia wiki kwa wiki, usimpe Pasko wako mwaka na nusu. Nenda ukapimwe damu. Nyeupe usiache mwenyewe hata ukijiona mzima. Ya wiki ni ya wiki. Na watu wakikusifia unene, waambie ni dawa, hata kama roho inakataa. Yangu ilikataa. Kwenye bahasha ya njano nimefuta ng'ombe, nimechora jembe. Hakuna mtu anayeiba jembe.

Kifundo cha kulia hakijarudi. Kimekaza pale pale kilipokazia, na kusuka kama zamani sitasuka. Skola tulikutana tena benchini kiangazi kilichopita, vidole vyake vimenyooka vilevile, na nikamwonea wivu vilevile, lakini safari hii nilimletea samli.

Samli yenyewe ni hivi. Minza alikata ukanda wa ngozi ya ng'ombe, akakining'iniza kibuyu kwenye mti wa paa la banda, akapima urefu mpaka kikanifikia hapa chini ya kiwiko. Siku ambazo viungo vinakubali, nakisukuma kwa kiwiko, kinakwenda na kurudi chenyewe. Wazo ni la kwake, na nilimwonea wivu hata wazo. Siku ambazo havikubali, anasukuma yeye, mimi nakaa pembeni kwenye kigoda nimefumba macho. Chwa, chwa, chwa. Yanakuwa mazito. Yananyamaza.

Ananitazama. Masikio hakuwahi kuyapata, na najua hatayapata. "Dada, tayari?"

Du, du. Nimeshaisikia.

Nakaa kimya kidogo kabla ya kumjibu.